Shahidi wa Shamba: Mkutano wa Jamaa Goma na Pengo la Sheria ya 1973

Kwamba mkaazi wa mji wa Kiafrika bado huitwa kwao, wasomi hawabishani. Wanachobishania ni kinachomwita. Peter Geschiere, katika kitabu chake The Perils of Belonging (2009), anaonyesha jinsi mazishi ya kijijini yalivyogeuka kipimo cha uenyeji nchini Kamerun tangu siasa za vyama vingi za miaka ya 1990. Wanaomfuata huongeza kesi ya wakili S. M. Otieno wa Nairobi, ambaye mwili wake uligombaniwa mahakamani kwa miezi kadhaa hadi akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Kutokana na mifano hiyo imezoeleka kusemwa kwamba kaburi ndilo linaloufanya ukoo ukutane. Goma, mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haikubaliani na kauli hiyo.

Jamaa nyingi za Goma zina asili katika maeneo ya Masisi, Rutshuru, Walikale au Lubero. Hukutana kwenye kiwanja cha mababu kumaliza matanga, kupanga mahari, kugawa urithi. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Bunagana, Juni 2022, safari za kwenda Rutshuru na Masisi zimekuwa za hatari, mara nyingine haziwezekani kabisa. Januari 2025 Goma yenyewe ilitekwa. Hata hivyo wazee wanaendelea kuita jamaa, ila sasa huketi mjini, kwenye parseli ya mmoja wao, mbali na makaburi yote. Kama kaburi lingekuwa ndilo msingi, mikutano hiyo ingekuwa tamasha tupu. Mbona watu bado hugombea nafasi ya kusema ndani yake?

Jibu naliona katika sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973. Kifungu cha 53 kinaifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali, isiyouzika wala kupotezwa kwa kupita muda. Kifungu cha 387 kinaziingiza humo hata ardhi za jumuiya za vijijini. Cha 389 kinaahidi kwamba haki za wakaaji wake zitapangwa kwa amri ya Rais. Miongo ilipita bila amri hiyo. Mkulima wa Masisi akabaki na shamba ambalo sheria haikumnyang'anya wala haikulitambua kuwa lake. Nani basi amshuhudie? Mwami, yaani chifu wa jadi, na wasaidizi wake, ndiyo. Lakini kabla yao, jamaa. Katika mkutano, baba mkubwa hutaja kijito, mti wa mpakani, jirani aliyeazimwa kipande na mwaka wa njaa alioazimwa. Vijana husikia, wapinzani hupinga mbele ya wote. Kaburi nalo hutajwa, lakini kama alama mojawapo ya mpaka. Mkutano wa jamaa, kwa hiyo, ni masjala ya ardhi inayotembea, na ndiyo maana unaweza kuhamia Goma bila kupoteza uzito.

Litaletwa pingamizi kwamba masjala hii huwaandika wanaume tu. Ni kweli mabinti husukumwa pembeni, ingawa Sheria ya Familia ya 1987 inawapa watoto wote daraja moja la urithi. Lakini shangazi anayejua mipaka husikilizwa hata na wasiotaka kumpa fungu. Kuondoa kikao kungemnyima hata sauti hiyo. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kati ya 1937 na 1955 utawala wa Kibelgiji ulihamishia Masisi maelfu ya watu kutoka Rwanda, na kumbukumbu ya ukoo mmoja inaweza kuwa tangazo la kumfukuza mwingine. Hapo ushahidi wa jamaa moja hautoshi. Majirani wa pande zote waketi pamoja.

Kwa sharti hilo, nathubutu kudai kwamba mpango wowote wa kuwarejesha wakimbizi wa ndani utakaopuuza maazimio ya mikutano hii utazaa kesi nyingi kuliko utakazomaliza. Yaandikwe, yasomwe hadharani, yapokelewe mahakamani kama ushahidi, pengine hata kabla ya hati za wapimaji.