Kesi za Mabinti Zilizojaza Mahakama za Gusii

Kesi zilizowashughulisha sana wazee wa mahakama za Gusii, nchini Kenya, enzi za ukoloni zilikuwa za mabinti. Zilikuwa nyingi hivi kwamba mwanahistoria Brett Shadle, aliyepekua kumbukumbu za mahakama hizo, alikipa kitabu chake cha mwaka 2006 jina la kesi hizo.

Sheria ya mwaka 1930 iliweka mabaraza ya wazee chini ya uangalizi wa mkuu wa wilaya. Wagusii waliyaita ritongo. Mdai alifika na mashahidi wake, wazee wakasikiliza, karani akaandika. Asiyeridhika aliweza kufikisha rufaa kwa mkuu huyo, Mzungu, pale Kisii.

Mashtaka yalifanana. Miaka ya 1940 mahari ilipanda na vijana wengi hawakuwa na ng'ombe wa kutosha. Msichana akatoroka na mpenzi wake, ilhali babake alikwisha kupokea ng'ombe wa mwanamume mwingine. Huyo naye akashtaki: mke arudi, la sivyo ng'ombe warudi. Wazee wakaanza kuuliza ni ng'ombe yupi alitolewa, yupi alikufa, ndama ni wa nani. Na watoto je? Kwa mila ya Kigusii, mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe, hata kama si yeye aliyemzaa. Mara nyingi mdai na mdaiwa walikuwa wanaume wawili, naye binti akaitwa kutoa ushahidi tu.

Wapo wanaosema wingi ule ni dalili kwamba Wagusii wanapenda kesi. Sikubaliani nao hata kidogo. Ng'ombe ndio waliokuwa hati ya ndoa, na hati inayokula majani, kuzaa na kufa haiwezi kukosa ubishi.

Mwaka 1967 sheria mpya ilifuta mahakama za Kiafrika, mahakimu wakachukua nafasi ya wazee. Siku hizi, mashamba yakiwa yamegawanywa vipande vidogo, mtu wa Gesima, huko huko Gusii, ana uwezekano mkubwa wa kwenda mahakamani Keroka au Nyamira kwa ajili ya mpaka wa shamba.

David Maraga, mzaliwa wa Nyamira, alipokuwa Jaji Mkuu alilenga kumaliza kesi zilizokaa mahakamani zaidi ya miaka mitano. Agosti 2020 alizindua sera ya kuwarudisha wazee katika usuluhishi. Kifungu cha 159 cha Katiba kinawaruhusu, ila kinakataza mila kutumiwa kukiuka haki za binadamu. Mzee akiamuru leo binti arudishwe kwa mume asiyemtaka, amri hiyo haina nguvu.