Kuipa Lugha Maskani

Katika maneno ambayo enzi ya kompyuta imetuletea, lipo moja nililolidharau nilipolisikia mara ya kwanza, nalo ni "kusakinisha". Vijana hulitumia kila wanapoweka programu mpya ndani ya mashine. Mimi niliona kwamba "kuweka" linatosha. Lakini mwalimu wa lugha hata akizeeka haachi kupekua kamusi. Kusakini ni kukaa mahali, kuishi hapo. Ndugu wa neno hilo ni "maskani". Basi kusakinisha si kuweka tu, kama mtu anavyotua mzigo sakafuni, bali ni kumpa mgeni makazi katika nyumba ambayo tayari ina watu. Maana hiyo niliipata kwenye kamusi kwa dakika moja. Kuielewa kwa vitendo kulinichukua siku tatu, pamoja na aibu ambayo sasa namsimulia msomaji.

Kwanza nieleze nyumba yenyewe. Seva ni kompyuta kama nyingine, ila kazi yake ni kuzihudumia kompyuta zingine: hutunza kumbukumbu, hujibu maombi, na kwa kawaida haizimwi usiku. Seva nyingi sana duniani huendeshwa na Linux. Aliyeianzisha ni Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, ambaye mwezi Agosti 1991, akiwa na umri wa miaka 21, aliwatangazia wenzake kwamba anatengeneza mfumo wa kuendeshea mashine, tena kwa kujifurahisha tu. Hata hivyo hakuanza mikono mitupu. Tangu mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alikuwa ametangaza mradi wa GNU, wa kuunda programu ambazo kila mtu angeruhusiwa kuzitumia, kuzisoma, kuzirekebisha na kumgawia jirani. Kiini cha Torvalds kikakutana na vyombo vya GNU, na ndiyo sababu chuo chetu, ambacho hakikuwa na fedha, kiliweza kuwa na seva bila kulipia leseni hata shilingi moja.

Sasa mgeni. Python ni lugha ya kuandikia programu. Mholanzi Guido van Rossum alianza kuitengeneza katika likizo ya Krismasi ya mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi katika CWI, taasisi ya utafiti wa hisabati na kompyuta mjini Amsterdam, akaitoa kwa umma Februari 1991. Jina lake halikutokana na nyoka, bali na kundi la wachekeshaji wa televisheni wa Uingereza, Monty Python. Kilichonivutia mimi ni jambo jingine. Kabla ya hapo van Rossum alikuwa ameshiriki katika kazi ya lugha iliyoitwa ABC, iliyokusudiwa watu wasio mafundi wa kompyuta, na Python ikarithi tabia hiyo ya kialimu. Mistari yake lazima isogezwe ndani kwa utaratibu, vinginevyo lugha yenyewe inakataa kazi. Mwalimu yeyote aliyewahi kudai daftari safi ataipenda.

Lugha iliyo hai hubadilika. Mwezi Desemba 2008 lilitoka toleo la 3 la Python, ambalo kwa makusudi halikuelewana kikamilifu na toleo la 2. Kwa mfano, amri ya kuandika kwenye kioo ilianza kudai mabano ambayo zamani hayakuhitajika. Watunzaji wake hawakuizima ya zamani siku ileile. Waliziacha mbili ziishi pamoja. Mwisho wa toleo la 2 ulipangwa uwe mwaka 2015. Mwaka 2014, walipoona watu wengi bado hawajahama, wakausogeza hadi tarehe 1 Januari 2020. Kuhama kulichukua miaka 11.

Nilikiongoza chuo cha ualimu hadi nilipostaafu mwaka 2010. Tulikuwa na programu ya kukokotoa alama za majaribio ya ndani, iliyoandikwa mwaka 2006 na mkufunzi mmoja wa hisabati kwa Python ya toleo la 2. Kabla ya hapo kazi hiyo tuliifanya kwa kalamu na kikokotoo, na kila mwisho wa muhula palitokea malalamiko. Programu ilipokuja, malalamiko yakapungua sana. Mimi niliweka saini kwenye orodha zake kwa moyo mkunjufu.

Oktoba 2019 uongozi uliopo uliniomba nisaidie kuihamishia programu ile kwenye Python mpya kabla ya tarehe ya mwisho. Baada ya kustaafu nilikuwa nimejifunza mambo haya kwa vitabu na kwa mjukuu wangu, na sisi wastaafu tunajulikana kuwa na nafasi. Seva ilikuwa na Linux ya aina ya CentOS 7, ambayo hufika ikiwa na Python 2.7 ndani yake.

Zipo njia mbili za kusakinisha lugha katika nyumba kama hiyo. Ya kwanza ni kumwagiza mtunza ghala. Katika CentOS 7 mtunza ghala ni programu iitwayo yum: unaitajia kitu unachotaka, nayo huenda kukichukua kwenye hazina ya mbali pamoja na kila kinachokitegemea, ikakipanga mahali pake. Ya pili ni kujenga mwenyewe kutokana na maandishi ya asili ya lugha. Hapo unatoa amri tatu: moja hukagua mashine ina vifaa gani, nyingine hugeuza maandishi kuwa programu inayotenda kazi, na ya mwisho hupeleka kila kipande mahali pake. Kwa kiburi cha mwanafunzi aliyechelewa, nilichagua njia ya pili.

Ujenzi wa Python 3.7 ukakamilika. Sikusoma mistari ya mwisho ya taarifa yake, kosa ambalo nimewakaripia wanafunzi kwa miaka mingi. Nikaendelea. Katika mashine ile jina "python" lilikuwa kama kibao cha mlangoni kinachowaelekeza watu kwenye toleo la 2.7. Nikaona kwamba kwa kuwa mwenye nyumba mpya amefika, kibao nacho kibadilike. Nikakigeuza kielekeze kwenye toleo la 3.7, nikajipongeza kwa chai.

Niliporudi nikagundua kwamba mgeni wangu hawezi kuwasiliana kwa usalama na mashine za nje. Wakati wa ujenzi, faili za OpenSSL ambazo wajenzi huzihitaji hazikuwepo, na sehemu hiyo iliachwa bila kujengwa. Taarifa nilizopuuza zilikuwa zimesema hivyo waziwazi. Nikamwita mtunza ghala aniletee faili hizo. Yum ikakataa. Ilinionyesha mstari mmoja wa programu yake yenyewe na kusema una kosa la sarufi. Nikajaribu tena, jibu likawa lilelile. Sasa sikuweza kuongeza kitu wala kurekebisha kitu, na alama za wanachuo zote zilikuwa ndani humo.

Nilimpigia simu mkufunzi kijana wa kompyuta, akaja asubuhi iliyofuata.

"Shikamoo, Mwalimu. Umegusa nini?"

"Marahaba. Nimesakinisha Python mpya tu."

"Na ile ya zamani?"

"Ipo, ila nimeinyang'anya jina."

Akanyamaza kidogo. "Mwalimu, ile haikuwa yetu. Ilikuwa ya mashine yenyewe."

Akanieleza kwa upole, kama nilivyozoea mimi kuwaeleza wengine. Yum yenyewe imeandikwa kwa Python ya toleo la 2. Kila inapoitwa, husoma kile kibao cha mlangoni ili impate mfasiri wake. Mimi nilikuwa nimempeleka kwa mfasiri asiyeijua sarufi ya zamani. Kijana akakirudisha kibao kama kilivyokuwa, na yum ikafanya kazi. Tukachukua faili zilizokosekana, tukajenga upya, na safari hii tukaiacha Python mpya ikae upande wake, ikiitwa kwa jina lake lenye namba ya toleo, bila kumgusa mwenyeji. Kazi yote hiyo haikuzidi saa mbili.

Ningeweza kuishia hapo na kusema kwamba mgeni hamfukuzi mwenyeji. Lakini lililonifanya niandike makala hii lilitokea siku ya tatu.

Kuna chombo kiitwacho 2to3 ambacho huongeza mabano na kurekebisha mengi ya sarufi ya zamani. Tuliipitisha programu ya alama humo. Kisha, kwa kuwa lugha zote mbili sasa zilikuwa hai katika nyumba moja, tukaipa kila moja orodha ileile ya majaribio ili tulinganishe majibu. Mimi ndiye niliyechagua orodha ya mwaka 2007, iliyokwisha kuthibitishwa, nikiamini kwamba haina utata.

Majibu hayakulingana. Mwanachuo aliyepata 48 katika jaribio la kwanza na 51 katika la pili alipewa wastani wa 49 na lugha ya zamani. Lugha mpya ilimpa 49.5. Kanuni ya chuo ilikuwa kwamba nusu hupandishwa, na alama ya kufaulu ni 50. Katika orodha hiyo moja nilihesabu wanachuo wanne waliofelishwa namna hiyo. Chini kabisa palikuwa na saini yangu.

Kisa chake ni hiki. Katika Python ya toleo la 2, ukigawa namba nzima kwa namba nzima, jibu hutolewa kuwa namba nzima, na sehemu iliyobaki hutupwa kimyakimya. Van Rossum mwenyewe alikubali kwamba kanuni hiyo huwapotosha watu. Mwaka 2001 pendekezo la kuibadilisha liliandikwa na kuchapishwa, na toleo la 2.2 la mwaka huohuo liliruhusu mtu aitumie kanuni mpya kwa kuongeza mstari mmoja tu. Toleo la 3 likaifanya kuwa sheria. Kwa maneno mengine, onyo lilikuwepo miaka mitano kabla ya programu yetu kuandikwa. Hatukulisoma, na lugha haikutuficha. Hata 2to3 haikubadilisha kanuni hiyo ya kugawa. Laiti tungeiondoa ile ya zamani, tusingekuwa na cha kulinganisha nacho, na mwaka 2007 ungebaki umelala.

Nilimkumbuka mmoja wa wale wanne. Alikuja ofisini kwangu mwaka ule akiwa ameshika karatasi. "Shikamoo, Mkuu. Nimejumlisha mwenyewe, naona nina 49 na nusu." Nilimjibu, "Binti yangu, mashine haina upendeleo." Sikuitazama karatasi yake. Alirudia somo lile, akafaulu, akaondoka na wenzake wa mwaka uliofuata.

Niliuandikia uongozi wa chuo barua, orodha zote za miaka ile zikapitiwa upya na kumbukumbu zikasahihishwa. Ni kweli kwamba kumbukumbu husahihishika kuliko mwaka mmoja wa maisha ya mtu. Yule binti, ambaye sasa ni mwalimu mtu mzima, nilimtafuta hadi shuleni kwake nikamwomba radhi. Alinikaribisha vizuri, akanisikiliza hadi mwisho. Akaniambia kwamba tangu alipoanza kazi huwarudishia wanafunzi karatasi zao, wakajumlisha wenyewe mbele yake kabla hajaandika alama kwenye daftari.

Usaidizi wa CentOS 7 ulikoma tarehe 30 Juni 2024, na seva ile imekwisha kuondolewa. Nilimwomba kijana aihifadhi nakala ya programu ya zamani, na aiandikie juu yake kwa Kiswahili cha kawaida namna ilivyokuwa ikigawa.