Mtihani na Hadhi ya Kiswahili katika Shule za Kibera na Kawangware

Kabla ya mwaka 1985, mtoto wa Kibera au Kawangware alipomaliza darasa la saba alipimwa kwa mtihani wa CPE: Kiingereza, hesabu na maarifa ya jumla. Kiswahili hakikuwamo. Yafaa kukumbuka kwamba Kibera, walikolowea askari Wanubi mwanzoni mwa karne ya 20, na Kawangware, yenye wahamiaji wa makabila mengi, ni mitaa ambamo Kiswahili ndicho kiungo cha majirani. Lugha aliyoimudu mtoto haikumpatia alama hata moja. Mwalimu naye, aliyehukumiwa kwa matokeo, alikuwa na sababu ndogo ya kuisomesha kwa bidii.

Ripoti ya Kamati ya Mackay ya 1981 iliandaa mageuzi. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa, na hadhi yake darasani ikapanda. Hata hivyo, mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ulipima maandishi peke yake. Ufasaha wa kusema, ambao ndio utajiri wa watoto hawa, haukupimwa.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umeingiza kusikiliza na kuzungumza katika tathmini ya mwalimu. Hapo ndipo penye swali zito. Mwalimu akisikia Sheng na kuona kosa tu, mtoto atanyamaza, na kimya hakipimiki. Akiutambua kwanza uwezo wa kusema, ndipo atakapoweza kumwongoza kwenye Kiswahili sanifu.