Uondoaji wa oksijeni katika maji ya vinywaji

Uondoaji wa oksijeni ni hatua ya kiwandani ya kutoa hewa iliyoyeyuka katika maji kabla ya kutengenezea soda, bia au juisi. Maji yanayogusana na hewa hubeba oksijeni: kwenye nyuzi joto 25 za Selsiasi hushika takriban miligramu 8 kwa lita, na yakikaribia kuganda hupita 14. Maji ya bomba ya Makorora, jijini Tanga, ambayo asili yake ni Mto Zigi na Bwawa la Mabayani, hayako nje ya kanuni hiyo.

Kwa mnywaji wa kawaida oksijeni hii haina madhara. Kiwandani, huchakaza ladha ya bia, huharibu vitamini C ya juisi na husababisha soda kufurika povu wakati wa kujaza chupa.

Njia zote hufuata kanuni ya William Henry ya mwaka 1803: kadiri shinikizo la gesi juu ya maji linavyopungua, ndivyo gesi hiyo inavyotoka majini. Maji hunyunyizwa ndani ya tangi lililofyonzwa hewa, au hushushwa katika mnara huku kaboni dioksidi ikipanda kutoka chini, au hupitishwa kwenye utando unaopenyeza gesi pekee. Kuyapasha moto maji huharakisha kazi, lakini hula nishati.

Maji ya kuzimulia bia nzito kwa kawaida hushushwa hadi chini ya miligramu 0.02 kwa lita. Baadaye huhifadhiwa katika tangi lililofungwa, kwa sababu yakikutana tena na hewa huirudisha oksijeni.