Jaji Johnson na Mwanafunzi Mwenzake



Kila tunapokutana sisi wazee wa shule hii, hatukosi kuhesabu nani amefika wapi: huyu mkurugenzi, yule daktari, fulani mbunge. Si vibaya kujivunia. Lakini je, itakuwaje siku wawili waliosoma pamoja watakapokutana mahakamani, mmoja akiwa jaji na mwenzake mshitakiwa? Kisa cha namna hiyo kilitokea Marekani, nami naona kinatufaa.

Frank Johnson alizaliwa mwaka 1918 katika jimbo la Alabama. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Alabama pamoja na George Wallace, wakawa marafiki. Johnson alipigana vitani Ufaransa, akajeruhiwa, akarudi kufanya kazi ya uwakili. Mwaka 1955 Rais Eisenhower alimteua kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Montgomery. Mahakama hiyo huitwa ya wilaya, ila msiifananishe na mahakama zetu za wilaya. Ndiyo inayoanza kusikiliza kesi za sheria na katiba ya nchi nzima. Jaji wake huteuliwa kwa maisha, wala mshahara wake haupunguzwi.

Hakukawia kutiwa majaribuni. Mwaka 1956 wanawake wanne weusi walidai mahakamani kwamba ubaguzi katika mabasi ya Montgomery ulivunja katiba. Mmoja wao, Claudette Colvin, alikuwa mwanafunzi wa miaka 15 alipokamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti. Majaji walikuwa watatu. Johnson na Jaji Rives waliwapa wanawake haki yao, wa tatu akapinga. Mahakama ya Juu iliithibitisha hukumu hiyo, na Desemba mwaka uleule ubaguzi mabasini ukakoma. Wakubwa wa mji wakamtenga Johnson, na msalaba ukachomwa moto uani kwake.

Kisha ikaja zamu ya rafiki yake. Wallace naye alikuwa jaji, lakini wa jimbo. Januari 1959 Johnson alimwamuru akabidhi madaftari ya wapiga kura kwa tume iliyochunguza jinsi watu weusi walivyonyimwa kura. Kwa masimulizi ya Johnson mwenyewe, Wallace alimwendea nyumbani usiku, akiomba apewe kifungo kifupi tu, apate kuonekana shujaa kwa wazungu. Johnson hakukubali. Wallace akayatoa madaftari kwa mlango wa nyuma huku akijigamba kwamba amekaidi. Johnson akamwachia huru, lakini katika hukumu yake akaueleza mchezo wote. Katika kampeni Wallace alimwita mwongo, na mwaka 1962 akachaguliwa kuwa gavana.

Machi 7, 1965, askari wa jimbo waliwapiga waandamanaji waliodai haki ya kura huko Selma. Johnson hakuwapendelea hata hao waliopigwa: aliwazuia kwanza wasiandamane mpaka asikilize ushahidi. Siku kumi baada ya kipigo kile aliamua kwamba ukubwa wa dhuluma waliyotendewa unawapa haki ya kuitumia barabara kuu, na gavana awalinde. Wakatembea hadi Montgomery. Agosti mwaka huo Marekani ikapata sheria ya kulinda haki ya kupiga kura.

Mwaka 1967 nyumba ya mama yake Johnson ilitegwa bomu. Mama alikuwamo, akanusurika. Hapo ndipo huwa natua nikifikiri. Katiba ilimlindia Johnson kazi na mshahara, lakini haikuweza kumlindia marafiki, wala usingizi wa mama yake. Hivyo alivitoa mwenyewe.

Johnson alifariki mwaka 1999, na jengo la mahakama la Montgomery lina jina lake. Wallace katika uzee wake aliwaomba radhi watu weusi. Wote wawili walifundishwa sheria ileile.

Vijana, mtakapomaliza shule mtakuwa na marafiki wenye vyeo. Wapendeni. Lakini akija mmoja usiku kukuombeni jambo ambalo hathubutu kuliomba mchana, mkumbukeni Jaji Johnson.