Amepelekwa Moshi

Kwetu Chome, milimani Upare, ukiambiwa fulani "amepelekwa Moshi" huulizi kafuata nini. Ni hospitali ya KCMC. Baba alikuwa kijana wa machela: miti miwili, blanketi lililofungwa pembe nne, wanaume wakipokezana bega kwenye mteremko wa kwenda Makanya, mmoja mbele na kandili. Wakifika barabarani wanangoja lori. Kutoka Makanya hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 100.

Hospitali ilifunguliwa Machi 1971, ikiwa imejengwa kwa juhudi za shirika la Kikristo la Good Samaritan Foundation. Wapare wengi waliihesabu kwa vitanda na mabingwa wake. Mimi naihesabu kwa wanafunzi. Chuo cha viungo bandia, TATCOT, kilianza 1981 na kuvuta vijana kutoka nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1992 kikaja kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ambacho baadaye kilitengeneza losheni ya kuwakinga wenye ualbino na jua. Chuo cha udaktari chenyewe kilisubiri hadi 1997.

Wasiosifiwa ni madaktari wasaidizi (matabibu walioongezewa masomo, wengine hapo hapo KCMC). Hao ndio waliorudi kwenye hospitali za wilaya na za misheni, wakashika kisu. Kwa miaka mingi, upasuaji mwingi wa uzazi vijijini Tanzania umefanywa na wao, na akina mama wengi hawakulazimika kubebwa hadi Moshi.