Deni la Mtelemko

Ardhi iliyo sawa humpokea mjenzi kwa masharti machache. Ardhi iliyoinama humtoza ushuru. Ushuru huo hulipwa mapema kwa fikira, jasho na fedha, au hulipwa baadaye kwa maporomoko. Mji wa Los Angeles, katika Marekani, ulijifunza jambo hili kwa taabu katikati ya karne ya 20.

Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, watu walimiminika mjini humo, na nyumba zikajaa mabondeni. Waliokosa nafasi chini waliinua macho kutazama vilima. Wajenzi wengi walizoea kukikata kilima kama mkate: walichimba upande wa juu, wakamwaga udongo upande wa chini, wakapata uwanja wa kuweka nyumba ya kawaida. Machoni pa watu kazi ilikuwa imekwisha; kwa ardhi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Udongo wa kumwagwa, usiposhindiliwa barabara, haushikamani na udongo wa asili. Ukinywa maji huzidi uzito na kupungua nguvu. Mvua kubwa za Januari 1952 ziliteremsha matope hata majumbani mwa watu. Mwaka ule ule mji ukatunga sheria ya kusimamia ukataji na ujazaji wa ardhi ya vilima, na mwaka 1963 ukaikaza zaidi.

Wakati huo huo wasanifu wachache walishika njia nyingine. Walisema kwa matendo yao kuwa nyumba isipopatana na mtelemko, ibadilishwe nyumba.

Mwaka 1954 Buck Stahl alinunua kwa dola 13,500 kiwanja kilichokuwa ukingoni mwa kilima. Hakuwa tajiri. Siku za mapumziko alikusanya mabonge ya zege yaliyotupwa mahali pengine palipobomolewa, akayapanga kwa mikono yake kuwa kuta za kuzuia udongo. Wasanifu kadhaa walimkatalia kazi. Pierre Koenig alikubali. Nyumba ilipokamilika mwaka 1960, ilikuwa ya feleji na vioo, na sebule yake ilitokeza nje ya ukingo, mji mzima ukiwaka taa chini yake. Picha iliyopigwa na Julius Shulman mwaka huo iliipeleka sifa yake mbali. Watazamaji huviona vioo. Kuta za Stahl, zilizotangulia, ni wachache wazikumbukao.

Mwaka huo huo wa 1960 John Lautner, aliyekuwa mwanafunzi wa Frank Lloyd Wright, alimjengea mhandisi Leonard Malin. Malin alipewa kiwanja na baba mkwe wake, lakini kiliinama kwa nyuzi 45, na watu walikiona hakifai kujengwa. Lautner hakukichimba uwanja. Alifukia ardhini kitako cha zege chenye upana wa futi 20 na unene wa futi 3. Juu yake akasimamisha nguzo moja ya zege yenye urefu wa futi 30 hivi. Na juu ya nguzo akaweka nyumba ya pembe nane, kama uyoga juu ya shina lake. Majani yaliendelea kuota chini ya sakafu, na maji ya mvua yakapita njia yake ya kale. Tangu hapo mvua kubwa na mitetemeko ya ardhi imepita, na nyumba imesimama.

Walakini haifai kusifu ushindi huo bila kutaja bei yake. Malin alikuwa na dola 30,000. Nyumba iligharimu kama dola 140,000, na makampuni yalichangia ili yapate kujitangaza. Kiwanja cha bure kilidai thamani yake katika nguzo, kama kiwanja cha Stahl kilivyodai thamani yake katika mgongo wa mwenyewe.

Wahenga walisema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka kukaa kilimani pia hana budi kuinama: kwanza kwa kuupima udongo, kisha kwa kuyauliza maji yapita wapi, ndipo achore chumba cha kulala. Mjenzi asiyefanya hivyo hakusamehewa deni. Amekopeshwa tu, na mdai wake ni mvua.